Mfuko wa Mgonjwa

Siku seli zilipofika Rwamgasa, Zipora ndiye peke yake aliyejua kuzisoma, na ndiye aliyegeuzwa uso ukutani.

Zilikuja juu ya fuso lililobeba saruji kutoka Geita mjini, masanduku matatu ya mbao yaliyokazwa kwa mikanda ya plastiki, baada ya siku sabini na moja za kusubiri. Siku za meli, siku za bandari, siku za wakala wa mizigo wa Kariakoo ambaye kila akipigiwa simu alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoa mzigo. Ndani ya kila sanduku mlikuwa na seli nane za lithiamu, kila moja na ukubwa wa Biblia ya madhabahuni na uzito wa kilo tano na ushee. Betri iliyoungwa tayari ilikuwa inauzwa mjini kwa bei ya kiwanja. Seli tupu, ukiagiza mwenyewe na kuziunga mwenyewe, zilikuwa theluthi ya bei hiyo, ila muuzaji wa China hakukubali kuuza chini ya ishirini na nne. Ndipo Zipora akatafuta wabia wawili.

Wa kwanza alikuwa Nasibu, mtu wa Kigoma mwenye kibanda cha kuonyeshea mpira, aliyechoka kurudishia watu viingilio vyao kila umeme ulipokatika dakika ya themanini. Wa pili alikuwa Bartholomeo, ambaye mtaa mzima unamwita Baba Januari, mwenye maduara mawili, yaani mashimo ya kuchimba dhahabu, na makarasha matatu ya kusagia mawe. Yeye alitaka friji lake la vinywaji na taa za uani zisizime. Zaidi ya hapo alitaka kuwa na kitu ambacho wenye maduara wenzake hawana.

Zipora alitaka mume wake apumue.

Maige alikuwa amelisha mawe makavu kwenye karasha la Bartholomeo kwa miaka kumi na saba, kitambaa puani, na vumbi lile likaamua kukaa kifuani mwake. Sasa alikuwa anaishi kando ya mashine ya hewa, boksi jeupe lenye ukubwa wa debe, lililonunuliwa kwa ng'ombe watatu wa ukoo wake kule Didia. Umeme ukikatika mashine ilitoa mlio mrefu wa king'ora kisha ikanyamaza, na Maige akashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, kama mtu anayesubiri kutwishwa mzigo. Kulikuwa na mtungi mmoja wa hewa uliotosha saa mbili. Jenereta waliliuza ili kutimiza fungu lao la seli, na halikuwa na faida kubwa hata hivyo, kwa sababu moshi wake ulimtesa Maige karibu sawa na kukosa umeme.

Kwa hiyo siku ile uani kwa Bartholomeo, Zipora aliyatazama masanduku yale matatu kama mtu anayetazama watoto wake wakishuka kwenye gari. Ndipo wakaona kwamba moja lilikuwa limepondeka kona na lina alama ya maji.

Nasibu aliuliza nani atachukua hilo. Zipora alijua, maana alikuwa ameangalia video nyingi za mafundi kuliko alivyowahi kusikiliza mahubiri, kwamba seli za sanduku moja hutoka kiwandani pamoja na hazitakiwi kutenganishwa. Alitakiwa aseme. Lakini lile lililopondeka lilikuwa limewekwa karibu na miguu yake, na aliogopa kwamba akisema, litakuwa lake. Akanyamaza.

"Tugawane kama mawe," Bartholomeo akasema. "Hakuna haki kubwa kuliko hiyo."

Kila mtu Rwamgasa anajua mawe yanavyogawanywa. Mifuko inapangwa uwanjani, mtu mmoja anageuka asione, mgawaji anagusa mfuko na kuuliza wa nani, aliyegeuka anataja jina. Likishatajwa limetajwa. Mwisho mgawaji anasema mgao umepita, na kuanzia hapo ukikuta mfuko wako ni udongo mtupu na wa mwenzako umejaa dhahabu, unaenda kulia kwenu. Kabla ya yote hayo, katika maduara ya Bartholomeo, mfuko wa kwanza huvutwa kando kwa ajili ya yeyote aliyeumia kazini. Siku ile hakuna aliyeukumbuka, maana hizi zilikuwa betri.

Bartholomeo alimgeuza Zipora kwa kumshika bega, akisema yeye ndiye mjuzi na mjuzi akiachiwa macho atajipendelea. Wapakiaji wa fuso wakacheka. Zipora akasimama na pua yake nusu hatua kutoka kwenye tofali, akiwa mwanamke wa miaka arobaini na mbili, akataja majina mara ishirini na nne. Nasibu. Bartholomeo. Mimi. Bartholomeo. Alipogeuka, seli za masanduku matatu zilikuwa zimechanganyika kama maharage ya aina tatu kwenye ungo mmoja.

"Mgao umepita," Bartholomeo akasema, akapangusa mikono.

*

Zipora hakuwa mgeni wa lithiamu. Kwa miaka minane alikuwa na kibanda mbele ya nyumba cha kuchaji tochi za kichwani za wachimbaji, na tochi iliyokataa kuwaka aliifungua, akatoa viseli vyake, akavipima kwa mita na kutenganisha vizima na vilivyochoka. Alichofanya nyumbani kilikuwa kazi ileile, ila kwa ukubwa wa kutisha. Alizipanga seli nane ndani ya kreti alilolichonga fundi seremala, akaziunga kwa vipande vya shaba, moja baada ya nyingine, akaufunga ule ubao mdogo wa ulinzi unaozima betri isije ikajiua, kisha inveta, kisha mashine ya hewa. Alikuwa amevaa glavu za jikoni na amevua pete ya ndoa. Maige alimtazama kutoka kitandani na kumwambia kwamba siku akirudi kazini ataomba apangwe chini yake.

Hesabu ilisema betri itaibeba mashine muda wa saa kumi na nane. Aliichomoa mashine kwenye umeme mkuu asubuhi ya Jumatano, akakaa na saa ya simu. Ilizima baada ya saa saba.

Hakukata tamaa, kwa sababu video zilisema pia kwamba huenda seli hazijajaa sawasawa. Alizifungua zote, akazijaza upya kwa subira ya siku tano, akaziunga tena. Saa saba na dakika kumi. Ndipo akashika mita na kuipima kila seli peke yake wakati mashine ikifanya kazi, akaona. Seli tano zilikuwa zimesimama imara. Tatu zilikuwa zinaporomoka, na zikifika chini ubao wa ulinzi unazima zote nane. Zote tatu zilikuwa na namba ya kiwanda iliyoishia na nne kwenye paji.

Alimwandikia muuzaji. Akajibiwa kwa heshima nyingi kwamba sanduku moja lilitoka kwenye mzigo mwingine, tunaomba radhi rafiki, tutakupunguzia ukiagiza tena. Alitazama neno rafiki kwa muda. Cha kuchekesha, kama mtu angekuwa na nafasi ya kucheka, ni kwamba sanduku lililopondeka lilikuwa na seli nzima kabisa. Zilizochoka zilitoka kwenye moja ya yale mawili yaliyofika yamenyooka na mazuri.

Siku hiyohiyo gari la matangazo likapita mtaani. Matengenezo ya njia ya umeme, Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, wananchi mnaombwa uvumilivu. Zipora alihesabu kwa vidole, ingawa hapakuwa na haja. Saa saba za betri, saa mbili za mtungi. Zilibaki saa tatu ambazo Maige angetakiwa azipumue kwa kifua chake mwenyewe.

Alikwenda kwanza kwa Nasibu. Wakazipima zake pale kibandani chini ya picha za wachezaji. Nane, zote nzima, hakuna hata moja yenye nne mwishoni. Nasibu alifurahi, halafu akaona macho ya Zipora, na furaha ikamtoka usoni taratibu. Alisema atafikiria. Tangu siku hiyo akaacha kupita mbele ya kibanda cha tochi, akawa anazungukia kwa muuza mkaa.

Hesabu ilikuwa rahisi basi. Seli zilizochoka zilikuwa nane. Tatu anazo yeye, Nasibu hana, kwa hiyo Bartholomeo anazo tano.

*

Bartholomeo alimweka kwenye kreti la soda muda wa kutosha watu watatu kuja kununua vinywaji na kuondoka. Zipora alikaa akiwa ameweka mita mapajani. Alimpa shikamoo mara mbili, ya pili ndiyo ikaitikiwa.

Alimweleza polepole. Alisema seli zikiungwa mfululizo ni kama watu nane wanaopokezana mfuko kutoka chini ya duara mpaka juu. Mmoja akikaa chini, mfuko unaishia hapo, hata kama wale saba ni majabali. Kwako waliokaa chini ni watano, Baba Januari. Hawa watatu wazima wanasimama bure na mikono yao mitupu. Nipe hao watatu, nikupe wangu watatu waliochoka. Betri yako itafanya kazi saa zilezile inazofanya leo, haitapungua hata dakika, na yangu itafika kumi na nane.

Bartholomeo alisikiliza huku akifuta friji lake. Alikuwa mtu aliyepata mali kwa kutoamini, na hakuona sababu ya kuacha.

"Kwa hiyo unaomba kitu ambacho mimi hakinipunguzii chochote," akasema.

"Ndiyo."

"Na wewe kinakupa saa kumi na moja."

"Ndiyo, Baba Januari. Pima mwenyewe, mita hii hapa."

"Miaka thelathini nanunua na kuuza dhahabu, mama. Kila aliyeniibia alianza kwa kuniambia sitapungukiwa."

Mteja mmoja alicheka. Bartholomeo, alipoona kuna wasikilizaji, akaongeza sauti. Alisema mgao umepita, na aliyetaja majina ni Zipora mwenyewe kwa kinywa chake. Alisema wanawake wa tochi wakipewa mita wanajiona mainjinia. Kisha akalainika, na kulainika kwake ndiko kulikouma zaidi: kama seli zimemshinda, amuuzie zote nane kwa nusu bei, na juu ya hapo atamuazima jenereta la Jumamosi.

"Jumamosi utaniazima," Zipora akasema. "Jumatatu ukikatika je?"

"Jumatatu utakuja uombe tena. Mimi nipo."

Zipora akasimama, akaweka kreti mahali pake, akaaga kwa adabu. Alitembea mpaka kona ya muuza mkaa kabla machozi hayajamshinda, na hata hapo hayakuwa ya huzuni. Yalikuwa ya hasira, na sehemu ya hasira ile ilimwelekea yeye mwenyewe, kwa kunyamaza siku ile mbele ya sanduku lililopondeka.

*

Nyumbani Maige alikuwa anamenya viazi, kazi aliyoidai kwa nguvu kwa sababu ilifanyika kwa kukaa. Mrija wa hewa ulipita juu ya masikio yake. Aliongea kwa vipande, akivuta kati ya kipande na kipande, na mtu aliyemzoea hakuona tena hayo mapengo.

Zipora alimsimulia kila kitu isipokuwa kile cha wanawake wa tochi. Maige alicheka kidogo aliposikia habari ya watu nane wa kupokezana mfuko, akasema hiyo ameielezea vizuri, ndivyo ilivyo. Baadaye akasema aende akaombe jenereta la watu wa kanisani, au Jumamosi wampeleke hospitali Geita.

"Na Jumamosi nyingine? Na umeme usiotangazwa?"

Maige akashika kiazi kingine. Kila kiazi alikimenya kwa ganda jembamba kabisa, kama zamani alipokuwa anakwangua vumbi la dhahabu kwenye karai.

"Baba Salome," Zipora akasema, "uliwahi kupewa mfuko wa mgonjwa?"

"Mimi?" Akavuta hewa. "Mfuko wa mgonjwa ni wa aliyeumia. Maganga alivunjika mguu, akapewa. Yule wa Buseresere alikatwa vidole, akapewa miezi sita."

"Na wewe?"

"Mimi sikuumia, Mama Salome." Akavuta tena. "Mimi nilichoka tu."

Alisema hivyo bila uchungu wowote, kama anayetaja kabila lake. Zipora alimtazama yule mwanaume, mabega yale yaliyokuwa yanabeba mifuko miwili kwa mpigo, akampenda mpaka akaumia. Kisha akainuka kwenda kuchemsha maji, na wakati maji yanachemka alikuwa ameshajua atakachofanya.

*

Kila Ijumaa saa nne mifuko hugawanywa uani kwa Bartholomeo. Ijumaa ile ilikuwa mifuko arobaini na kitu, imepangwa mistari minne, na wachimbaji wamechuchumaa ukutani wakisubiri. Upande wa pili makarasha yalikuwa yanaunguruma, na walishaji wake walikuwa weupe kuanzia nywele mpaka viatu. Mgawaji alikuwa Mageni, mama wa Kisukuma mwenye miaka sitini na zaidi, aliyekuwa anaponda mawe kwa nyundo kabla hata Bartholomeo hajafika Rwamgasa. Watu walimwamini kwa sababu hakuwa na ndugu duarani.

Mageni alishavuta mfuko wa kwanza kando na alikuwa anainama kugusa wa pili Zipora alipoingia. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Alimwamkia Mageni, kisha Bartholomeo.

"Marahaba," Bartholomeo akasema. "Leo si siku ya betri, mama."

"Sijaja kwa betri. Nimekuja kuuliza sheria ya mgao." Akamgeukia Mageni, akamwita mama kwa Kisukuma. "Huo mfuko ulioweka kando ni wa nani, mayu?"

"Wa mgonjwa."

"Na ukisahaulika?"

Mageni akanyooka taratibu, mkono kiunoni. Alimtazama Bartholomeo kidogo, halafu akaacha kumtazama. "Ukisahaulika si mgao. Mifuko inarudi uwanjani, hata kama mtu ameshaipakia kwenye pikipiki."

"Wiki tatu zilizopita tuligawana seli hapahapa uwanjani," Zipora akasema. "Baba Januari mwenyewe alisema tugawane kama mawe. Mfuko wa mgonjwa haukutoka."

Wachimbaji wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja. Bartholomeo akacheka, akasema hapakuwa na mgonjwa siku ile, nani aliangukiwa na jiwe?

"Maige ameangukiwa na mawe miaka kumi na saba," Zipora akasema. "Yalikuwa madogo tu."

Mtu mmoja alizima karasha la karibu, labda ili asikie vizuri, na mwenzake akazima la pili. Mlishaji mmoja alishusha kitambaa puani, na sehemu ya uso iliyokuwa imefunikwa ilikuwa na rangi ya mtu, juu yake na chini yake pakiwa pa chokaa. Akakohoa. Hakukusudia, lakini kila mtu alimsikia.

Bartholomeo aliacha kucheka. Hakuwa mjinga, na aliliona shimo lilipo. Akisema Maige si mgonjwa, anawaambia hawa weupe wote kwamba na wao hawatakuwa wagonjwa. Akisema ni mgonjwa, amekubali kwamba vumbi ni ajali, na kesho atadaiwa mifuko mpaka achoke. Akatafuta njia ya katikati.

"Nani shahidi?" akauliza. "Siku ile tulikuwa watatu. Wewe uliangalia ukuta."

"Nilikuwepo mimi."

Alikuwa Nasibu, amesimama langoni amevaa jezi ya mpira. Zipora hakujua amefika saa ngapi. Alikuwa na sababu ya kusita, maana mgao ukifutwa na zake nane nzima zinarudi uwanjani pamoja na za wengine.

"Mfuko haukutoka," Nasibu akasema. "Na mimi nilijua Baba Salome yuko ndani na mashine. Sote tulijua."

Mageni akakaa juu ya mfuko aliokuwa anataka kuugusa, akakunja khanga yake magotini. Alisema kwa Kisukuma kwanza, halafu kwa Kiswahili ili wote wasikie, kwamba mfuko wa mgonjwa ukidaiwa, mgao unasimama mpaka utoke. Basi. Mawe hayaozi, yeye ana muda.

Bartholomeo alitazama mifuko yake arobaini na kitu. Alitazama wachimbaji, na hakuna hata mmoja aliyesogea kumsaidia. Jua lilikuwa limeanza kuwa kali.

"Unataka nini?" akamuuliza Zipora, na kwa mara ya kwanza hakuongeza sauti.

"Tatu. Nikupe tatu."

"Tatu tu?"

"Nilikwambia tangu mwanzo. Hazikupunguzii kitu."

Bartholomeo alimwangalia kama mnunuzi anayegeuza kipande cha dhahabu akitafuta kasoro na haioni. Kisha akaagiza toroli.

*

Alizileta mwenyewe jioni ile, na mtaa mzima ukamwona Baba Januari anasukuma toroli lenye vitu vitatu vya bluu vilivyofunikwa na taulo. Labda alitaka waone. Zipora alipomfungulia mlango hakujua amkaribishe kwa uso gani, akaamua amkaribishe kama mgeni yeyote, na kiti.

Bartholomeo alikuwa hajaingia nyumba ile tangu Maige aache kazi. Alikaa, kofia mkononi, akausikiliza ule mkoromo wa mashine, pumzi inaingia, pumzi inatoka. Mwishowe akauliza kama hii ndiyo ile inayolia.

"Inalia ikizimwa," Maige akasema. "Ikinguruma hivi ni nzuri." Akavuta hewa. "Karasha langu hili, bosi. Na lenyewe halizimwi."

Bartholomeo akatabasamu nusu, akatazama chini. Maige akanyoosha mikono, akaomba apewe moja. Zipora alisita kwa sababu ya uzito, lakini mikono ilikuwa imeshafunguka, akamwekea seli mapajani. Maige aliipima kwa viganja kama alivyokuwa anapima mifuko zamani, akaipandisha kidogo, akaishusha.

"Mzito," akasema. "Huu mzito. Wabeja sana," akashukuru kwa Kisukuma.

Bartholomeo alitoka na tatu zilizochoka ndani ya toroli. Mlangoni alisimama, akiwa amewapa mgongo, akauliza vile vitambaa vya kuzuia vumbi, vile vya hospitali vyenye kichujio, vinaagizwa kulekule kwa Wachina au kuna kwingine. Zipora akasema kulekule. Akauliza kama vinauzwa vichache vichache. Zipora akasema hapana, huwa ni kwa boksi kubwa.

"Utaniangalizia," akasema, akaondoka.

*

Jumamosi ilikuwa ya mawingu, hivyo paneli ndogo za jua za kuchajia tochi juu ya bati hazikutoa cha maana. Zipora alikuwa amezijaza seli zote nane usiku kucha na kuzipima mara mbili kabla ya chai. Saa mbili na dakika nne redio ya jirani ilikatika katikati ya neno. Feni ya kwa fundi cherehani ikazunguka mara chache ikasimama. Mtaa ukawa kimya, na katika kimya kile Maige, kwa mazoea, alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili akingoja king'ora.

King'ora hakikulia. Mashine iliendelea kuvuta na kutoa. Maige hata hivyo hakuachia. Alikaa hivyo asubuhi nzima, akijibu maneno, akinywa uji kwa kunyweshwa, vidole vimekaza mbao, na Zipora mwenyewe hakuwa ameondoa jicho kwenye mita tangu asubuhi.

Saa tisa alasiri ilikuwa saa ya saba. Zipora alivuta kigoda mbele ya kreti. Wachimbaji waliokuja kuchukua tochi zao walimkuta amekaa pale, wakaelewa, wakasimama mlangoni bila kuingia. Saa tisa na dakika kumi. Saa tisa na robo. Alipima moja moja, kuanzia kushoto, na zote nane zilikuwa zimesimama pamoja, hakuna hata moja iliyokaa chini. Alirudia kupima, kwa sababu hakuwa mtu wa kuamini mara moja.

"Imepita?" Maige akauliza.

"Imepita."

Maige aliachia ukingo wa kitanda. Kidole kimoja, kingine, mpaka mikono yote miwili ikalala juu ya shuka, mitupu, haina inachoshika. Aliitazama kama inayomshangaza. Halafu akaomba aletewe viazi, kuna watu mlangoni na hawajala.